Mwenye Kumdai Marehemu Ajitokeze

Bismillahir Rahmanir Rahim. Alhamdulillahi Rabbil alamin, wasswalatu wassalamu ala Rasulillah. Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia, Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa mada ya dunia na akhera. Aya yake mnaijua, Surat al-Qasas aya ya 77, ya kutafuta akhera bila kusahau fungu lako la dunia, na watoto wa madrasa humu ndani wanaimaliza kabla ya msomaji. Sitaifasiri tena. Nitaanzia kwenye jeneza, maana hapo ndipo hesabu ya dunia inapokwenda na mwenyewe, na hapo ndipo sisi watu wa Bagamoyo tunapoharibu. Nimelisema hili miaka na miaka, na nitalisema mpaka lieleweke.

Tangazo la jeneza mnalijua. Safu zimenyooka, anasimama mtu wa nyumba: "Mwenye kumdai marehemu amwone mdogo wake. Na mwenye kudaiwa na marehemu naye amwone." Zinaletwa takbira nne, tunabeba, tunakwenda makaburini. Tangazo ni jema na lina asili. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa maiti, akauliza, "Ana deni?" Akaambiwa, dinari tatu, na hakuacha kitu. Akasema, "Mswalieni mwenzenu." Yeye akajizuia, mpaka Abu Qatada aliposema, "Mswalie, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, deni lake liko juu yangu." Iko katika kitabu cha hadithi cha Bukhari. Dinari tatu! Dinari moja ni gramu 4.25 za dhahabu, kwa hiyo tunazungumzia gramu 12.75. Bangili moja ya bibi harusi inaweza kuzidi hapo.

Sasa tazameni kinachofuata baada ya tangazo letu. Aliyemkopesha marehemu laki mbili anaona haya kumwendea mjane anayelia. Aliyempa mzigo wa dagaa kwa mali kauli ana daftari lake, lakini marehemu hakutia saini. Anayedaiwa na marehemu ananyamaza, kwa kuwa hakuna anayejua. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, anayemdai maiti hapewi kwa kauli yake tupu. Alete ushahidi, na juu ya ushahidi ale kiapo kwamba deni bado limebaki. Sheria imeweka hivyo kumlinda maiti, kwa sababu hana mdomo wa kujitetea. Lakini kama wewe mwenyewe hukuandika, sheria hiyohiyo inamnyima haki mtu uliyekula jasho lake, na wewe ndiye utakayeulizwa. Imepokewa kwamba nafsi ya muumini imetundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe. Na katika kitabu cha hadithi cha Muslim imepokewa kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Shahidi, aliyemwaga damu! Sisi tunadhani Yasini arobaini zitatuvusha.

Dawa yake ni kuandika, na amri iko wazi. Hadithi ya Ibn Umar: haimfalii Muislamu mwenye jambo la kuusia alale siku mbili ila wosia wake uwe umeandikwa kwake. Ibn Umar akasema, tangu alipoisikia kauli hiyo kwa Mtume haukumpita usiku bila wosia wake kuwa naye. Alikuwa kijana yule, mzima, haumwi.

Najua mtakachoniambia. Wa kwanza atasema, "Sheikh, kuandika wosia ni kujiitia kifo." Sanda mnanunua mkirudi Makka, mnaiosha kwa Zamzam, mnaiweka kabatini, na hamuoni kwamba mmejiitia kifo. Karatasi ndiyo iwe na uchuro? Wa pili atasema, "Mimi sina mali, niandike nini?" Wewe ndiye unayehitaji zaidi. Una pikipiki ya mkataba hujamaliza marejesho. Una mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uliouchukua mkeo hajui. Una fedha za kikoba kwenye simu yako, za watu ishirini, na namba ya siri unaijua peke yako. Ukianguka leo njia ya Kiwangwa, fedha zile zinahesabiwa zako, wenzako wanadhulumika, na wewe uko kaburini.

Chukua karatasi. Juu andika bismillahi, shahada mbili, jina lako kamili na tarehe. Kisha anza na haki za watu: nani anakudai, kiasi gani, tangu lini, kwa sababu ya nini, nani anajua. Usiandike "nadaiwa na Mpemba wa sokoni", Wapemba wako wangapi pale soko la samaki? Jina na mahali anapopatikana. Halafu amana ulizowekewa, kitu kwa kitu. Halafu mnaodaiana katika chombo. Wavuvi nisikilizeni. Ngalawa ya mmoja, nyavu za wa pili, mashine ya wa tatu, mnagawana kila mkirudi na hakuna hata mstari ulioandikwa. Mmoja akifa, warithi wake wanakuja pwani wanafungua mashine wanaondoka nayo, kumbe marehemu alikuwa na nusu tu. Andikeni fungu la kila mtu mkiwa hai, mkiwa mnapendana.

Baada ya haki za watu, haki za Mwenyezi Mungu: zaka ya miaka uliyoruka, nadhiri, kafara, siku za Ramadhani ulizokula hukulipa, Hija kama uliiweza ukaichelewesha. Hizi nazo ni deni, hutolewa katika mali kabla ya kugawa. Siku ya funga isiyolipwa ni kibaba kimoja cha chakula, kama gramu 600 za mchele, na kwa aliyechelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine kinaongezeka kibaba.

Na hapa mama zetu wanisaidie, maana wanaume hili hawalipendi. Mahari. Ulipooa ulisema msahafu na laki tano, msahafu ukatoa, laki tano ikawa deni. Miaka thelathini imepita. Lile ni deni kama deni la duka la mbao! Linalipwa kabla mrithi hajagusa senti, na mke analipata nje ya thumni yake ya urithi, yaani sehemu moja ya nane, halimo ndani yake. Sasa tunafanya nini? Maiti imelazwa, mke ana kanga usoni, anaulizwa mbele ya mawifi zake, "Umemsamehe mahari yako?" Atasema nini pale? Msamaha wa mtu aliyebanwa una shaka kubwa. Mlipe ungali hai. Kidogo kidogo, elfu hamsini hamsini, na andika kila ulichotoa, atie saini. Na nyumba aliyochangia mabati au tofali kwa fedha yake mwenyewe, andika. Fungu lake halimo katika mali ya kurithiwa. Mkiacha hivyo, mashemeji watagawana mpaka jasho la mjane.

Hesabu tuifanye ili isibaki maneno. Mtu ameacha milioni 30 kwa ujumla wake. Maziko laki 6. Madeni, pamoja na mahari, milioni 5 na laki 4. Imebaki milioni 24. Wosia wake, kama aliusia, unatoka katika hizo 24, na hauvuki theluthi, yaani milioni 8. Wengi wanakosea hapa: wanachukua theluthi ya 30, wanapata 10, wanawadhulumu warithi milioni mbili. Tuseme aliusia zote nane kwa madrasa na kwa mtoto aliyemlea ambaye harithi. Imebaki 16. Mke thumni, milioni 2. Imebaki 14, ana mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili: mafungu manne, kila fungu milioni tatu na nusu. Kijana 7, kila binti 3 na nusu. Imekwisha, hakuna kikao cha ugomvi. Na msimwusie mrithi. "Nyumba ya Magomeni ni ya mwanangu wa mwisho," umeandika, umesaini, na wenzake wako hai. Hakuna wosia kwa mrithi mpaka warithi wenziwe waridhie baada ya kufa kwako, nao wawe watu wazima wenye akili zao.

Mashahidi wawili waadilifu wasio warithi. Nakala moja nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, nao wanapokea wosia kuuhifadhi. Bila karatasi hiyo familia inakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi ikiwa na mikono mitupu, na kila mmoja ana wosia wake wa mdomo aliousikia peke yake. Halafu kila Ramadhani uitoe uisome upya: deni lililolipwa likate, jipya liongeze.

Jambo jingine la jeneza, nalo linaniuma kuliko yote. Hitima. Sizungumzii kusoma Kurani, nazungumzia pilau. Marehemu ameacha watoto wa miaka sita, wa miaka tisa. Siku ya tatu ng'ombe anachinjwa, mchele gunia mbili, fedha imetoka wapi? Imetoka katika mali ya marehemu, ambayo tangu alipokata roho ni ya wale watoto, mama yao na warithi wengine. Mtoto wa miaka sita hawezi kutoa idhini, na mlezi wake hana ruhusa ya kumtolea. Surat an-Nisaa aya ya 10: wanaokula mali ya yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Mtu anatoka msibani ameshiba, anajiona amefanya ibada. Mkitaka kulisha, wachange watu wazima kwa mifuko yao. Sunna kwanza ni majirani wapeleke chakula kwa wafiwa. Mtume aliagiza familia ya Jaafar ipikiwe.

Mtu ataniambia, "Sheikh, umepewa mada ya akhera, unatufundisha uhasibu." Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, al-Baqara 282, inafundisha nini? Kuandika deni, mwandishi, mashahidi, na msichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Na ule msemo mnaoupenda, "Ifanyie kazi dunia yako kana kwamba utaishi milele, na akhera yako kana kwamba utakufa kesho," acheni kuunasibisha na Mtume. Hauna asili thabiti kwake. Na mnavyoutumia, dunia inapata mwaka mzima, akhera inapata Ramadhani. Chukueni hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, iliyo sahihi. Aliumwa Makka, akataka kutoa mali yake yote sadaka, warithi hana ila binti mmoja. Akakataliwa. Nusu? Akakataliwa. Theluthi? "Theluthi, na theluthi ni nyingi. Kuwaacha warithi wako wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakinyoosha mikono kwa watu." Na akaambiwa kwamba hata tonge anayoitia mdomoni mwa mkewe ana malipo yake. Dunia na akhera ziko mezani pamoja, katika sahani moja.

Hapa Bagamoyo mfano tunao. Sheikh Ramiya, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifika pwani hii kutoka Manyema akiwa mtumwa. Akasoma, akafanya biashara, akapata mashamba ya minazi, akasomesha, Waingereza walipoingia akawa liwali. Alifariki 1931, na watu bado wanakuja mji huu kwa ajili ya elimu na maulidi aliyoyaacha. Minazi haikumzuia kusomesha.

Muda unanibana, adhana ya Isha i karibu. Zaka kwa haraka. Nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifika inatolewa zaka, ni gramu 85 za dhahabu au 595 za madini ya fedha, inatoka asilimia mbili na nusu: katika kila milioni, elfu 25. Mwenye duka anahesabu bidhaa kwa bei ya siku ile mwaka unapotimia, pamoja na taslimu. Friza na mizani havimo. Mwaka ni wa mwezi mwandamo. Ukihesabu kwa kalenda ya ukutani unachelewa siku 11 kila mwaka, na katika miaka 33 umekula zaka ya mwaka mzima. Wakulima wa mananasi, tunda lenyewe halina zaka kwetu, fedha yake ikikaa mwaka na imefika nisabu, inayo.

Na wavuvi: bamvua si udhuru wa kuacha Alasiri. Chombo kikiyumba huwezi kusimama, swali umekaa, ukielekea kaskazini kadiri uwezavyo. Habari ya kukusanya swala baharini ina masharti yake, tutaisoma Jumamosi baada ya Alfajiri.

Karatasi ziko kwa katibu, bure, zina nafasi za majina na mashahidi. Kila mmoja achukue mbili. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.