Kero ya Umma: Umma Upi?

Neno "kero" tumelichosha, jamani. Jirani akifungulia muziki, kero. Mtoto akirudia swali, kero. Shemeji akitua bila taarifa, huyo ndiye kero mwenyewe! Barazani, sawa. Ila ukienda mahakamani kudai kuna kero ya umma, yaani kosa la kuwadhuru au kuwasumbua watu wote kwa pamoja, nitakuuliza lile swali ninalowaudhi nalo wanafunzi wangu: umma upi?

Wanaonijua wameshajua naelekea kwenye chumvi. Vumilieni.

Uingereza, mwaka 2001, siku za hofu ya barua zenye unga wa vimelea vya kimeta, ugonjwa unaoua. Bwana mmoja akampelekea rafiki yake hundi kwa posta, akatia na chumvi kidogo ndani ya bahasha. Utani wao tu. Bahasha ikavuja, chembe nyeupe zikamdondokea mkononi mfanyakazi wa posta. Polisi wakaitwa, jengo zima likatolewa watu. Bwana akatiwa hatiani: kero ya umma. Ilipofika mwaka 2005, Baraza la Malodi, wakati huo likiwa mahakama ya juu kabisa, likamfutia hatia. Haikuthibitika kwamba alijua, wala kwamba alipaswa kujua, chumvi ingemwagika njiani.

Na hukumu hiyohiyo ilimhusu mwingine, aliyetuma vifurushi 538 vya matusi ya kibaguzi, kimoja hapa, kimoja kule. Hapo ndipo mnaponikunjia uso: wote hao si umma? Si umma! Kila mmoja alifungua chake, akaumia peke yake. Jumlisha maudhi 538 ya mtu mmojammoja, bado hujapata kero ya umma. Umma huumia kinapoguswa cha wote: njia, maji, hewa. "Basi mtukanaji aende zake?" Nani kasema? Ilikuwapo sheria ya mwaka 1988 ya barua za kuudhi. Mshitaki kwa kosa lake.

Basi umma ni watu wangapi? Katika kesi ya machimbo ya mawe ya Wales, mwaka 1957, vumbi na mitikisiko, Jaji Denning alikataa kabisa kutaja namba. Alifanya vyema.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Sheria ya Uingereza ya 2022 kuhusu kosa hili la kero ya umma, kifungo hadi miaka 10, tuiache. Ila hili moja: mtu akichimba handaki katikati ya njia, sote tumecheleweshwa, na kwa kuchelewa tu hatumdai kitu. Anayeweza kumdai fidia ni yule aliyetumbukia usiku akavunjika mguu. Haya, maswali.