Kinachoua na Kinachoaibisha: Sheria ya Upasuaji kwa Watoto Huntha

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Nawashukuru wakunga, wauguzi, wanafunzi wa sheria na nyinyi wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja.

Tarehe 5 Desemba 2014, Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu jijini Nairobi alitoa hukumu katika kesi ya mtoto huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo wazi ya kiume wala ya kike, ambaye majalada yanamwita Mtoto A. Alizaliwa mwaka 2009 katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kwenye karatasi zake, mahali pa kuandika jinsia, paliwekwa alama ya kiulizo. Mama yake akaenda mahakamani. Jaji hakumpa yote aliyoyaomba, lakini alimwamuru Mwanasheria Mkuu aeleze katika siku 90 ni chombo gani kitakusanya takwimu za watoto hawa, na sheria ya kuwalinda imefikia wapi, pamoja na mwongozo wa kuwapima na kuwafanyia upasuaji.

Siku 90 zile zilizaa miaka. Kikosi kazi cha kuchunguza suala hili kiliundwa 2017, kikakabidhi ripoti 2019. Mwaka huo huo sensa ya Kenya iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524 katika taifa la watu zaidi ya milioni 47. Mimi siiamini hesabu hiyo kuwa kamili, na hata nyinyi mnajua sababu. Karani anabisha hodi jioni, anamuuliza mkuu wa kaya, majirani wako uani. Baba gani atalisema hapo jambo ambalo hata bibi wa mtoto hajaambiwa?

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022. Humo mtoto huntha ametajwa kwa jina lake, akapewa haki ya heshima, matibabu na elimu. Na imekatazwa kumbadilisha au kumwondoa kiungo isipokuwa kwa ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki, yaani elimu ya urithi wa maumbile. Ni hatua kubwa, naisifu kwa moyo mweupe. Lakini kipengele hicho kina tundu mbili, na nimekuja kuzionyesha kwa sababu sheria kamili ya huntha bado inadaiwa.

Tundu la kwanza: daktari bingwa wa jenetiki yuko wapi? Mama aliyejifungulia zahanati ya Tana River au Kitui atampata lini? Tundu la pili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria inauliza nani ameshauri, haiulizi upasuaji ni wa nini. Ushauri ukipatikana, mlango uko wazi, hata kama mtoto ana wiki sita na hana maumivu yoyote.

Swali la sheria lingekuwa hili: upasuaji usipofanyika leo, mtoto atakufa au ataumia? Ama watu wazima wataona haya?

Nieleze kidogo, maana wengi hapa hawajasomea udaktari. Sababu mojawapo kubwa ya mtoto kuzaliwa na maumbile yasiyoeleweka ni hitilafu ya tezi mbili zinazokaa juu ya figo. Tezi hizo zinashindwa kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo, na mara nyingi hata ile homoni inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Badala yake zinamwaga homoni za kiume kwa wingi. Mtoto mwenye kromosomu za kike na mji wa uzazi kamili anazaliwa sehemu zake za nje zinafanana na za mvulana. Katika wiki ya pili au ya tatu anaanza kutapika, hanyonyi, anakauka, na chumvi za damu zinavurugika: sodiamu inashuka na potasiamu inapanda. Akitibiwa kama mwenye tumbo la kuhara tu, anaweza kufa. Dawa yake ya maisha yote ni vidonge vya haidrokotisoni, vinavyochukua nafasi ya kotisoli, na wengine huongezewa fludrokotisoni ya kuzuia chumvi isipotee, na chumvi yenyewe.

Sasa tazameni. Kinachoweza kumuua mtoto huyu hakionekani. Kinachoonekana hakimuui. Na bado familia ikifika hospitalini, mazungumzo yote yanakwenda kwenye kile kinachoonekana: tumkate nini, tumshone vipi, awe nani kabla shangazi hajaja kumwogesha. Wapo wanaohitaji kisu kweli, kwa mfano mkojo ukiwa hauna njia ya kutoka. Huyo apasuliwe leo hii. Lakini kupunguza kinembe kwa sababu ni kikubwa, kutengeneza uke kwa mtoto ambaye hatauhitaji kwa miaka mingi, au kuondoa tezi za uzazi zisizo na hatari ya karibu, hayo yanaweza kungoja. Yakiharibika hayarudi. Kuna wanaobaki na makovu, wanaopoteza hisia, wanaorudi chumba cha upasuaji tena na tena, na wanaopoteza uwezo wa kuzaa bila kuulizwa.

Haraka hii ina historia. Tangu miaka ya 1950 mwanasaikolojia John Money wa Johns Hopkins, Marekani, alieneza fikra kwamba malezi yataamua jinsia, mradi uamuzi ufanyike mapema. Mfano wake mkuu alikuwa mtoto wa Kanada, David Reimer, ambaye hakuwa huntha. Uume wake uliungua katika tohara, akalelewa kama msichana. Alipofika ujana alikataa, akarudi kuishi kama mwanamume. Ukweli ulichapishwa na watafiti 1997. Reimer alijiua mwaka 2004. Hata hivyo madaktari wengi walikuwa wamekwisha kufundishwa kwa fikra ile.

Na sisi wa pwani hatuna sababu ya kudhani kungoja ni jambo la kigeni. Mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wa madhehebu ya Shafi walijadili huntha mushkili, yaani yule ambaye jinsia yake haijabainika, karne nyingi kabla ya hospitali hizi. Waliangalia alama, na zisipotosha walisubiri balehe. Hata katika mirathi, kila mrithi hupewa kile ambacho ni yakini, na kinachobaki huwekwa hadi jambo libainike au warithi wasuluhishane. Mali iliweza kungoja. Mwili je?

Huko Ulaya, nchi ya Malta ilipitisha sheria mwaka 2015 inayozuia matibabu ya kubadilisha maumbile ya jinsia kwa mtoto ikiwa yanaweza kuahirishwa mpaka aweze kutoa idhini. Jirani zetu Uganda wana tatizo jingine: Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015 inaruhusu kubadilisha jinsia kwenye daftari kwa mtoto aliyezaliwa huntha, lakini kwa njia ya upasuaji uliothibitishwa na daktari. Mzazi anayetaka tu karatasi sahihi ili mwanawe aende shule anasukumwa kwenye kisu.

Huko Marekani, majimbo zaidi ya 20 yamepiga marufuku dawa za kuzuia balehe na homoni kwa vijana wanaotaka kubadili jinsia, na tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikubali sheria ya namna hiyo ya jimbo la Tennessee kwa kura 6 dhidi ya 3. Mjadala ule una kina chake na siuingii leo. Nataka mwone kifungu kimoja: sheria ya Tennessee haizuii matibabu ya kasoro ya kuzaliwa nayo. Kijana wa miaka 16 anayejieleza mwenyewe anazuiwa, mtoto mchanga asiyeweza kusema lolote ameachiwa mlango. Tukinakili sheria za wengine, tusinakili na hilo.

Kwa hiyo mswada wowote utakaofika Bungeni nauombea mambo haya. Utenganishe dharura na aibu kwa maneno wazi. Cheti cha kuzaliwa kisingoje upasuaji, kwani Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa mtoto jina na uraia tangu kuzaliwa. Na haidrokotisoni ipatikane kila kaunti, maana kumzuia daktari asikate bila kumpa mama dawa ni kumwacha njia panda.

Wakunga, mtoto wa namna hii akizaliwa zamu yenu, msitangaze jinsia kwa kubahatisha. Mpimeni uzito kila siku, angalieni anavyonyonya na kutapika, na mpelekeni akapimwe sodiamu na potasiamu kabla wiki ya pili haijaisha. Mama mwambieni kwamba mwanawe hana laana, na kwamba hakuna anayemlazimisha kutia sahihi fomu ya upasuaji usiku huo.

Nimemaliza. Karibuni maswali, nianze na wale walio nyuma.