Afisa Afya Aitwe Mchoro Ukiwa Bado wa Penseli

Ndugu wanafunzi, nimefurahi kuwaona wa mipango miji na wa afya ya jamii ukumbi mmoja, ingawa naona kila kundi limeshika upande wake.

Leo nazungumzia mbu wa Dar es Salaam. Anofelesi, yule wa malaria, hupenda maji yaliyotuama yanayopata jua: madimbwi, vijaruba kati ya matuta ya viazi mabondeni, mitaro iliyoziba. Mwaka 2004 manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke zilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini katika kata 15. Wakazi wenyewe walipita mtaa kwa mtaa wakisaka viluwiluwi, na kuanzia 2006, katika kata 3 kwanza, wakawa wanaweka dawa ya kibaiolojia ya kuwaua, kila wiki.

Kinachonivutia zaidi ni ramani zao. Kila mmoja alichora kwa mkono mashina ya nyumba kumi aliyopangiwa, kiwanja kwa kiwanja. Baadaye michoro ikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani, ndipo vikaonekana vipande vya ardhi ambavyo havimo kwenye mchoro wowote. Si ajabu: balozi, yaani kiongozi wa shina, anazijua nyumba zake, lakini bonde lisilo na nyumba halina balozi. Mbu yeye hana habari na mipaka ya shina. Bila picha hizo za angani, watu wa afya wangeendelea kuviruka vipande vile.

Sasa jiulizeni kwa nini dawa irudiwe kila wiki. Kwa sababu maji yenyewe bado yapo. Mtaro usio na mteremko wa kutosha, au ambao kalavati lake limeinuka kuliko sakafu yake, utatuamisha maji hata ukizolewa taka kila Jumamosi. Kosa hilo lilifanywa mezani, kabla mbu hajafika. Mtaro ukiwa kwenye fungu la ujenzi na dawa kwenye fungu la afya, gharama ya kosa la mmoja inalipwa na mwingine, mwaka hadi mwaka. Afisa afya akiitwa zege limeshakauka, amebakiwa na kupuliza tu.

Kwa wiki ijayo: wawili wawili, mmoja wa kila kozi, chagueni mtaro jirani na mnapoishi. Mmoja apime mteremko, mwenzake achote maji kwa upawa ahesabu viluwiluwi. Ripoti iwe moja, yenye majina mawili.