Nusu Kilo ya Mbuzi na Mteja Anayesubiri

Ndugu wenye baa, mameneja, na nyinyi akina dada na akina kaka mnaozunguka na trei mpaka usiku wa manane, habari za asubuhi. Wachoma nyama, naomba msikae kule nyuma. Sogeeni mbele, leo maneno mengi ni yenu.

Kila tukikutana kuzungumzia wateja, mnataka tuanze na tabasamu na lugha nzuri. Ni mambo mema. Lakini mteja wa baa ya mtaani, yule anayekuja kwa miguu na ndala zake, hagombani nanyi kwa sababu ya tabasamu. Anagombana kwa nyama iliyochelewa na nyama iliyopungua. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena.

Saa moja usiku mteja ameketi. Ameagiza nusu kilo ya mbuzi, ndizi mbili na bia. Mhudumu anamwambia, "Dakika ishirini tu, kaka." Wakati huo mkaa bado mweusi na mguu wa mbuzi uko kwenye kulabu. Fanyeni hesabu. Mkaa mpaka ushike vizuri na kufunikwa na majivu ya kijivu, dakika ishirini hadi thelathini. Kipande cha mbuzi chenye mfupa, juu ya moto uliotulia, dakika thelathini hadi arobaini. Kukata, kupanga, kuleta mezani, dakika tano. Hiyo ni saa nzima. Kwa nini umwambie mtu dakika ishirini? Ukimwambia saa nzima mapema, ataagiza supu au mishkaki ya kutuliza njaa, na wewe utauza. Ukimdanganya, atakaa anatazama jikoni, na saa mbili nyama ikifika, njaa imeshageuka hasira.

Sasa anatazama sinia. "Hii ndiyo nusu kilo?" Hapo ndipo ugomvi unapoanza, na mara nyingi hakuna aliyeiba. Nyama mbichi sehemu kubwa ni maji. Ikipata moto, nyuzi zake zinajikaza na kuyakamua maji, mafuta nayo yanayeyuka na kudondokea mkaa. Gramu 500 za mbuzi mbichi zinaweza kushuka hadi gramu 350 hivi, na humo mfupa umo. Mchomaji anajua, meneja anajua. Mteja hajui, kwa sababu nyama ilipimwa nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo mizani itoke nyuma ya ukuta. Iwekwe upande wa mteja, mshale unaonekana, na stika ya Wakala wa Vipimo iwe ya mwaka huu. Weka sinia tupu, rudisha mshale kwenye sifuri, ndipo uweke nyama. Mwite mteja achague mwenyewe: mguu, mkono au mbavu. Mbavu zina mfupa mwingi, mwambie hivyo kabla hajachagua. Kisha sema kwa sauti: "Hii ni nusu kilo mbichi, ikiiva itapungua kama theluthi." Sentensi moja tu. Halafu funga kwenye kipande chake waya wenye kibati cha namba ya meza, maana jikoni vipande kumi vya mbuzi vinafanana, na aliyechagua mguu akiletewa shingo hatasahau.

Najua kuna anayesema moyoni, "Basi tuchome nusu mapema, mteja akija tumalizie." Hapana! Nyama iliyoiva nusu na kukaa kwenye sinia kwa saa tatu, joto la jioni, ndiyo inayowaharisha watu, halafu lawama anatupiwa muuza kachumbari. Vijidudu vinazaliana kwa kasi kwenye uvuguvugu, kati ya nyuzi joto 5 na 60. Washa mkaa saa kumi na moja jioni, kabla ya wateja, uweke mguu mzima uive kabisa, kisha uusogeze pembeni mwa jiko ubaki moto kweli, si vuguvugu. Huo unapimwa ukiwa umeiva na una bei yake, imeandikwa ubaoni. Anayetaka haraka anachukua huo. Anayetaka chake cha kuchagua anasubiri saa nzima, na anajua.

Jambo jingine la wachomaji. Mnajisifu kwamba mbuzi amechinjwa leo asubuhi. Mbuzi wa leo asubuhi akichomwa leo jioni ni mgumu, hata awe mdogo. Mnyama akishachinjwa misuli hukakamaa, na huchukua karibu siku nzima kuanza kulegea. Mbuzi wa leo mning'inizeni kwenye baridi, mchomeni kesho. Na mafuta yakidondoka moto ukalipuka, usimwage maji. Maji yanapandisha majivu, yanagandia nyama, mteja anatafuna mchanga. Sogeza nyama pembeni, subiri moto ushuke.

Kitimoto ni sheria moja, hakina mjadala: kiive mpaka ndani, katikati pasibaki hata alama ya pinki, kwa sababu ya minyoo ya tegu. Mteja akikuharakisha, mwache aharakishe. Kuku vivyo hivyo, choma kisu penye paja karibu na mfupa, maji yakitoka mekundu rudisha jikoni. Ubao wa nyama mbichi usikatie iliyoiva. Mbao mbili, visu viwili.

Naona mwenye ukumbi anaonyesha saa, kwa hiyo bia nitaipitia mbio. "Ya moto au ya baridi?" ni swali zuri, lakini mkiuliza muwe nayo kweli. Bia iliyoingia kwenye friji saa kumi na mbili, friji limeshonwa chupa mpaka mlango hausogei, saa moja haijawa baridi. Chupa mpya ziingie nyuma, za jana zije mbele, na muache nafasi hewa ipite. Mkiishiwa, ndoo yenye barafu, maji na konzi ya chumvi itapoza chupa kwa robo saa hadi nusu saa, haraka kuliko friji, kwa sababu maji yanaishika chupa pande zote. Msiziache kwenye friza, zitapasuka. Glasi zisioshwe kwenye beseni la masinia ya nyama, mafuta yanaua povu. Na chupa ifunguliwe mezani, mbele ya macho ya aliyeagiza. Kila mara.

Bili. Wateja wanalalamika kwamba mhudumu anadai hela kila chupa, kama vile hawaaminiki. Wenye baa, hili ni lenu. Mnampa binti kinywaji kaunta kwa deni lake mwenyewe, mteja akitoroka mnakata mshahara wake. Afanyeje sasa? Atadai kila chupa, na angekuwa mwanao ungemwambia afanye hivyohivyo. Kama mnataka mteja akae kwa raha na alipe mwisho, hasara ya anayetoroka ibebwe na baa. Fungueni karatasi ya meza, kila raundi iandikwe na mteja aione papo hapo, chupa tupu zibaki mezani mpaka hesabu iishe. Raundi aliyonunuliwa mtu wa meza ya pili iandikwe kwa jina la anayelipa, hapo ndipo bili nyingi huharibika. Na risiti ya mashine itolewe bila kuombwa.

Choo, maji ya kunawa na sauti ya muziki tutaviacha. Ila ndoo yenye koki na sabuni ya maji iwe karibu na meza, watu wanakula kwa mkono.

Wachomaji msiondoke. Jiko la nje limewashwa na kuna mguu wa kilo mbili na robo kwenye mizani. Tutaupima sasa, na tutaupima tena ukiiva.