Weusi wa Chuma cha Vitumbua

Asalaam aleikum mama zangu, shangazi zangu, na nyinyi vijana mliokuja kusikiliza. Nimeombwa nizungumzie vyombo vya chuma vya kupikia, nami nimekuja na kimoja tu: chuma cha vitumbua cha marehemu bibi yangu, chenye mashimo saba. Pokezaneni, mkishike. Kizito, eeh? Sasa pitisheni kidole ndani ya shimo. Ni cheusi ti, kinateleza, lakini kidole hakitoki na masizi wala mafuta. Weusi huo ndio ulionileta hapa leo.

Nilipokuwa na miaka 16, siku mbili kabla ya Ramadhani, nilitaka kumfurahisha bibi. Nilikipeleka chuma hiki uani, nikakisugua kwa stilwaya, mchanga na majivu tangu adhuhuri mpaka alasiri, kikang'aa kama kimetoka dukani. Bibi alikitazama, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umekivua nguo." Futari ya kwanza hatukuwa na kitumbua hata kimoja kizima. Vyote vilishika, tukavichokoa vipande vipande. Ilimchukua wiki kadhaa kukirudisha chuma katika hali yake, na sijasahau mpaka leo.

Bibi aliita kazi ile kukishibisha chuma. Alisema chuma kinakunywa mafuta, na kikishashiba hakishiki tena. Niliamini hivyo miaka mingi. Lakini lile neno lake la kwanza, nguo, lilikuwa karibu zaidi na ukweli. Mafuta hayaingii ndani ya chuma. Yakipakwa membamba na kupata moto wa nyuzi 200 hadi 250 hivi, molekuli zake zinashika oksijeni ya hewani na kuungana zenyewe kwa zenyewe, mpaka yale yaliyokuwa majimaji yanakuwa utando mgumu uliokamatana na chuma. Mnalijua lile gamba la kahawia linaloshika ubavuni mwa karai la kukaangia, mnalolisugua mpaka vidole vinauma? Ni kitu hichohicho. Kwenye karai tunakiita uchafu, kwenye chuma cha vitumbua ndicho tunachokitafuta.

Sasa nitagombana kidogo na baadhi yenu. Wengi hapa mnapaka mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi tumelelewa nayo, na kitumbua kilichopikwa kwa mafuta hayo kina harufu yake ambayo sitaki ipotee. Endeleeni kupikia. Ila kwa kujenga utando ni dhaifu. Angalieni chupa yake asubuhi za kipupwe: imeganda. Sehemu kubwa ya mafuta yanayoganda hivyo imekwishashiba haidrojeni, haina pa kushikania na wenzake, kwa hiyo ukiyachoma yanabaki yananata au yanapotea kwa moshi. Mafuta ya alizeti hayagandi, na hayo yanaungana vizuri. Nunueni kichupa kidogo, mkiweke kando kwa kazi hii.

Chuma kipya kioshe kwa sabuni na maji ya moto, maana kiwandani hupakwa kitu cha kuzuia kutu. Kikaushe jikoni mpaka kiwe na joto, kisha pakaza alizeti kwa kitambaa, mashimo, mgongo na mkono wake. Halafu chukua kitambaa kikavu uyafute mafuta yale kana kwamba ulikosea kuyapaka. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mafuta mengi hayafanyi nguo nene, yanafanya gundi. Kinachobaki baada ya kufuta ndicho kinachotosha. Kiweke juu ya mkaa uliokolea, nje, kwa sababu kitatoa moshi, ukifunike kwa bati. Moshi ukiisha, kiepue kipoe chenyewe. Rudia mara tatu, mara nne. Hata hivyo usianze na vitumbua: unga wenye tui na sukari hushika upesi. Kaangia kwanza vitunguu, au mihogo, siku chache.

Mnaniuliza kwa nini nisihangaike, ninunue cha alumini. Alumini inapata moto haraka na kuupoteza haraka. Ukimimina unga wa kwanza, shimo linapoa, kitumbua kinabaki cheupe chini. Chuma kinachelewa kupata moto, lakini kikishaupata hakitetereki unapomimina. Kipe dakika kumi kwenye moto wa wastani. Na dukani nendeni na sumaku: alumini haivutwi, hata ikipakwa rangi nyeusi.

Vile vipele juu ya chuma kipya msivihofu, ni alama za mchanga. Vyombo hivi husubiwa: chuma kinayeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Mwingereza Abraham Darby alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga mwaka 1707, na Wachina walikuwa wakisubu chuma zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake. Chuma cha namna hii kina kaboni asilimia 2 hadi 4, hivyo kinayeyuka kwa urahisi kuliko chuma cha pua, lakini ni kikavu, yaani hakipindi bali huvunjika. Ukikimwagia maji baridi kikiwa kimoto kinaweza kupasuka, na ufa hauzibiki.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haidhuru utando uliokomaa. Sabuni ya magadi ambayo bado ni kali, hiyo inautafuna. Usikiloweke. Kausha jikoni, si juani, kwa sababu upepo wetu huu wa bahari una chumvi, na chumvi inavuta unyevu.

Ndimu, ukwaju na nyanya pia vinaula utando na kuacha ladha ya chuma mdomoni. Mchuzi wa namna hiyo pikieni sufuria. Lakini chuma kinachoingia katika chakula si sumu kwa watu wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kwamba watoto wa Ethiopia waliolishwa chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko wenzao wa vyungu vya alumini. Kwa mama mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu imepungua, hilo si jambo dogo, ingawa vidonge alivyopewa aendelee kumeza.

Dada aliyekaa karibu na mlango ameniletea chuma chake kilichokaa stoo tangu masika ya mwaka juzi, chekundu kwa kutu, akaniuliza kama akiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Hapana, dada yangu. Nimekiloweka nusu saa kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, na hiki ndicho chombo pekee ninachokuruhusu kukisugua kwa stilwaya. Mkaa umekolea pale nje. Njoo na kitambaa chako kikavu, mafuta ya alizeti ninayo.