Kiraka cha Saruji kwenye Ukuta wa Matumbawe

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie ukarabati wa nyumba za zamani hapa Bagamoyo. Nitaanzia jikoni kwangu, maana huko ndiko nilikojifunzia.

Nyuma ya mlango wa jikoni lipu ilibanduka pahali padogo, kadiri ya sinia la wali. Nikasema hii ni kazi ya asubuhi moja. Nikanunua mfuko wa saruji, fundi akaja na karai na mwiko wake, adhuhuri akawa amemaliza. Ukuta ukapendeza. Masika ilipokwisha kiraka kilikuwa kimevimba. Ukikigonga kwa kidole kinalia kama mtungi mtupu. Nilipokigusa kikaanguka kizima, na kikang'oa lipu ya zamani iliyokizunguka. Shimo la sinia likawa la mkeka! Nikaziba tena, safari hii kwa saruji nyingi zaidi. Mwaka uliofuata, yale yale. Niliumia sana, ndugu zangu. Fedha zimekwenda, na nyumba yenyewe ni ya wazee wetu.

Sasa tazameni. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Tumbawe lina vitundu, linanyonya maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Maji hayo lazima yatoke, na njia yake ni uso wa ukuta. Chokaa huyapitisha, saruji huyazuia. Yakizuiwa, hujikusanya nyuma ya lipu. Yakikauka, chumvi huganda chembechembe, na chembe zikikua husukuma mpaka lipu iachie. Na mimi mchanga wangu ulizolewa ufukweni kwa sababu ni karibu. Chumvi juu ya chumvi.

Ninyi mnaofika Kaole, kwenye magofu ya kale hapa jirani, mmeuona ule msikiti unaotajwa kuwa wa karne ya 13. Ni matumbawe na chokaa, na hadi leo kuna kuta zilizosimama.

Mara ya tatu nilimtafuta mwashi mzee anayeijua chokaa. Alibandua saruji yote, akausugua ukuta kwa brashi kavu, akauacha wazi wiki kadhaa upumue. Kuvumilia ukuta uchi jikoni si jambo dogo, hasa wageni wakija. Kisha akapiga chokaa iliyozimwa kwa maji tangu zamani, kwa mchanga uliooshwa, tabaka jembamba juu ya jembamba, akitundika magunia mabichi ili jua lisiikaushe haraka. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ya ukaa, polepole, ukiiharakisha inapasuka.

Nimekuja na vipande viwili, cha saruji kilichoanguka na cha chokaa. Vipitisheni mkono kwa mkono. Kigeuzeni kile cha saruji mwangalie mgongoni: hiyo nyeupe kama unga ni chumvi. Anayetaka na ailambe.