Moyo wa Mfalme na Mifereji ya Maji

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa kanisa, Malindi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, Bwana asifiwe.

Nilipoombwa kuzungumza jioni hii juu ya enzi ya Mungu na maamuzi ya wanadamu, nilikwenda kwanza kwenye mashamba ya ng'ambo ya Sabaki, kwa kuwa kulikuwa na jambo nililotaka kulitazama kwa macho yangu. Nilimkuta mkulima akimwagilia mchicha. Maji mekundu ya mto yalipandishwa kwa pampu hadi mferejini, naye akakata ukingo kwa jembe, upana wa kiganja tu, yakageuka yakaingia kwenye tuta. Alipoona yametosha, akaziba kwa donge la udongo, yakaenda kwenye tuta la pili. Kule mferejini hakuyasukuma hata mara moja. Yalikwenda kwa uzito wake yenyewe, yakifuata mteremko kama ilivyo desturi ya maji, na bado yalifika pale pale alipotaka yafike.

Mithali 21:1 yasema: "Moyo wa mfalme ni kama mifereji ya maji katika mkono wa Bwana; huugeuza popote apendapo."

Sisi watu wa pwani tumezoea mfano mwingine, ule wa chombo na upepo. Nahodha hupanga safari, lakini kusi na kaskazi ndizo zenye kauli ya mwisho. Vasco da Gama alitweka tanga hapa Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, akiwa na rubani aliyempata hapa hapa, na mwezi wa Mei akafika Calicut, kwa sababu msimu wa kusi ulikuwa umewadia. Mfano huo ni mzuri, ila kwa somo letu naona umepunguka, kwa kuwa upepo humbana nahodha kutoka nje na kuuacha moyo wake kama ulivyo, ilhali Ezra 1:1 yasema kwamba Bwana aliiamsha roho ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, hata akawaruhusu Wayahudi waliohamishwa Babeli warudi Yerusalemu wakalijenge hekalu. Hapo hatuzungumzii tena tanga. Tunazungumzia nia yenyewe.

Na tumtazame basi huyo Koreshi. Majeshi yake yaliingia Babeli mwaka 539 KK. Mwaka 1879 kilichimbuliwa katika magofu ya mji huo kipande cha udongo wa kuchoma, chenye umbo la pipa dogo na urefu wa kama shubiri moja, ambacho leo kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza, London. Humo imeandikwa kwamba Marduki, mungu wa Babeli, ndiye aliyemtafuta mfalme mwadilifu akamwita Koreshi kwa jina lake, na kwamba Koreshi alizirudisha sanamu za miungu kwenye mahekalu yake na watu wake kwenye makao yao. Yerusalemu haikutajwa hata kwa neno moja. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na hesabu zake za kifalme: watu waliorudishiwa ibada zao hutawalika kwa wepesi. Nabii naye hafichi jambo hilo, kwani katika Isaya 45 Mungu anamwambia mara mbili, "ijapokuwa hukunijua."

Najua wapo wataalamu wengi wanaoshikilia kwamba sehemu hiyo ya Isaya iliandikwa karibu na siku za Koreshi mwenyewe, wala si katika karne ya nane KK, siku za Isaya, hivyo kumtaja Koreshi kusingekuwa utabiri wa kale, na sitaki kuwaficha hilo kana kwamba imani yetu inahitaji ulinzi wa namna hiyo. Binafsi nategemea zaidi Yeremia, aliyetaja miaka 70 ya kuitumikia Babeli. Ukianza na ushindi wa Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mwaka 605 KK, hadi Babeli ilipoanguka mwaka 539, unapata pungufu kidogo. Ukihesabu tangu hekalu lilipochomwa, mwaka 586 kwa hesabu ya wengi, hadi lilipokamilika upya mwaka 515, unapata sabini na kitu.

Hapa ndipo nina ugomvi na usemi wetu mmoja. Pikipiki isiyo na taa ikimgonga mtoto usiku, matangani tutaambiana kuwa ni amri ya Mungu, na aliyeiendesha hataulizwa neno. Isaya 10 haikubali hivyo. Ashuru anaitwa fimbo ya hasira ya Mungu, kisha yasemwa wazi kwamba yeye hakukusudia hivyo moyoni mwake, bali alitaka kuharibu, na kwa kiburi hicho ataadhibiwa. Petro naye, katika Matendo 2:23, anasema Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na katika pumzi ile ile anawaambia wasikilizaji wake kwamba ninyi ndio mliomsulibisha. Hapunguzi upande mmoja ili wa pili upate nafasi.

Namalizia kwa Mithredathi, ambaye hatumhubiri kamwe. Yeremia 27:22 ilikuwa imesema kwamba vyombo vya hekalu vitachukuliwa Babeli, vikae huko, kisha virudishwe. Zamu ilipofika, kazi hiyo haikufanywa na malaika. Koreshi alimwagiza Mithredathi, mtunza hazina wake, naye akavihesabu mbele ya Sheshbaza, mkuu wa Yuda: sahani za dhahabu 30, za fedha 1,000, visu 29, na kuendelea, hadi jumla ya 5,400. (Mkizijumlisha wenyewe katika Ezra 1 hamtaifikia hiyo jumla, orodha haikutaja kila kitu, au mnakili alikosea.) Sidhani kama Mithredathi aliwahi kulisikia jina la Yeremia. Alikuwa akikabidhi mali ya ghala, kimoja baada ya kingine, kama karani yeyote anayeogopa kudaiwa.